Pima Arobaini za Nyasi

…na kama ni Arequipa, basi maksai wawili wa nyumbani, Lucero na Pinto, watauzwa Jumapili, mnunuzi ameshawapapasa mapaja na kuwachungulia meno, amesema atakuja na lori, na baba, Saturnino Huillca ambaye kila msimu watu huja kwake kumwazima maksai, ataanza yeye kubisha milango ya majirani na chupa ya pombe kwapani, naomba nilimie siku mbili tu ndugu yangu, nitakulipa kwa mgongo wangu… na kama ni Cusco maksai wanabaki zizini, chuo ni cha serikali, ada yake hata kwato moja ya Pinto ni ghali kuliko hiyo, lakini… Nélida akachovya nyasi majini tena, akazigawa mafungu mawili, akaendelea kusokota baina ya viganja, simu ikiwa juu ya goti lake kwa sababu ni hapa tu mteremkoni mtandao unapofika, na kwenye kioo vyuo viwili vimekaa kimoja juu ya kingine, uhandisi wa ujenzi huku na uhandisi wa ujenzi kule, kila kimoja na kitufe chake, thibitisha nafasi, mwisho leo saa sita mchana, na mikono imelowa, na kamba iliyoanzwa haiachwi njiani, pima arobaini kila nyumba, za kwao zimebaki tatu, na kule chini korongoni wanaume wanavuta kamba nne nene za sakafu ya daraja la nyasi, lile linalofumwa upya kila mwaka, kila moja nene kama paja, vuta! vuta!, sauti ya baba imo humo, angeitambua hata kati ya sauti elfu… “Injinia!” Huyo ni shangazi Fortunata, dada wa baba, mdomo wake haujawahi kulala njaa. “Umeshachagua, au tukuitie mpiga ramli akutazamie majani ya koka?” Wanawake wakacheka mteremko mzima. “Mwacheni,” akasema mama yake bila kuinua macho, “anafikiri.” “Afikiri nini? Injinia wa madaraja, na mguu wake hauruhusiwi kufika darajani!” Kweli tupu, mpaka daraja liishe mwanamke hashuki, mto una wivu, ndivyo walivyoambiwa na waliowazaa, na Nélida akacheka pamoja nao kwa sababu asingecheka angelia… na shangazi hajui alivyosema kweli kuliko anavyodhani, maana ni kwa kukatazwa huko ndiko alikoanzia, mtoto wa miaka saba amelala kifudifudi juu ya jabali, kidevu kwenye mawe, anatazama watu wazima wakitembea juu ya hewa, nyasi hizihizi ambazo mbuzi anazitafuna zimebeba wanaume ishirini na mzigo wao, zimebebaje? alimuuliza baba, baba akasema zimebeba kwa sababu tumezisokota, akamuuliza mwalimu, mwalimu akasema kaa chini… Arequipa wana mashine, aliiona siku ya wageni, chumba cheupe kinachonukia mafuta, profesa mwenye suti akafunga nondo ya chuma huku na huku na mashine ikaivuta taratibu, chuma kikarefuka, chuma! kikawa chembamba katikati kama shingo, namba zinapanda ukutani, kisha paa! na yeye moyo ukamruka, akatamani kupiga magoti pale sakafuni, hakujua kwamba chuma nacho huvutika kabla hakijakata tamaa… na wanafunzi wa pale migodi inawachukua kabla hawajavaa joho, yule dada wa ofisini alisema, bado anapiga simu, hata leo hapa mteremkoni amepiga, anamwita “Nélida mpenzi,” nusu ya ada tunakusamehe sisi, nusu ni ninyi tu… ninyi tu, yaani Lucero na Pinto, na baada ya mwaka wa pili nani? baba hana maksai wengine wawili… na Cusco kuna migomo, mwaka mmoja wa masomo unakula miwili, amtazame Wilber, binamu yake, miaka minane kumaliza miaka mitano, cheti amekitia plastiki akakining'iniza mbele ya bajaji yake kule Sicuani, na akina mama wa sokoni humwita kwa makusudi, injinia, nipeleke na viazi vyangu! naye anasema panda mama, heshima zote, anawapeleka… “Chagua kilicho kizuri, usichague kilicho rahisi,” baba alimwambia alfajiri, “ng'ombe ni ng'ombe tu, mwanangu,” kisha akasimama zizini akimkuna Pinto kwenye paji la uso, akakuna, akakuna, mtu aliyekuwa ameitwa mara tatu kwenda darajani… “We mtoto wewe!” Kamba ikanyakuliwa mkononi mwake. Shangazi aliishika mbele ya macho yake kama mtu aliyekamata nyoka. “Umesokota kushoto! Ya kushoto ni ya kuwafungia wafu, unamzika nani leo?” Akatazama, ni kweli, pima nzima na nusu, tangu simu ilipoita vidole vyake vimekuwa vikienda upande wa makaburini, kamba hii ingeingia kwenye ukuta wa daraja pamoja na zile za kulia, zingekataana, zingefunguka zenyewe mtu akiwa katikati, na uso ukamwaka moto. “Fungua,” akasema shangazi, na sasa sauti ilikuwa ya chini, ya nyumbani. “Fungua usokote upya. Hata mimi mwaka niliochumbiwa nilisokota kushoto, siku nzima, bibi yako nusura anirushe mtoni.” Akafungua, nyasi zikaachia taratibu, zimejikunja lakini hazijavunjika hata moja, akazilowesha, akazigeuza, zikakubali upande wa pili kana kwamba hazikuwahi kukosewa… na asubuhi lile daraja la mwaka jana lilivyokatwa, visu viwili tu, likajikunja hewani likaangukia mtoni, daraja zima, na hakuna aliyesikitika, watu walishangilia, watoto walipiga miluzi, kwa sababu… kwa sababu daraja halikuwa lile, daraja liko hapa, akavitazama viganja vyake vyekundu vilivyokatwakatwa, na vya shangazi, na vya mama, mteremko mzima wa viganja, ee Mungu, kumbe liko hapa… na kwa nini anamkumbuka Wilber kwa kile cheti tu? nani aliyemjibu lile swali lake la nyasi? alimuuliza profesa, na nyasi je? profesa akacheka vizuri, akasema nyasi hatujawahi kuzipima, binti, ila Wilber, siku ile ya mvua wamejibanza ndani ya bajaji, Wilber alichora kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu, tazama, kamba inalegea katikati, usiione kasoro, ikilegea ndipo inapopumua, ukitaka inyooke kabisa itakuvuta mpaka ikatike, hakuna kamba yenye uzito iliyowahi kunyooka kabisa, Nélida, hata wavute wanaume wote wa dunia… na nywele zilimsimama siku ile, zinamsimama sasa hivi, kwa ajili ya mstari mmoja uliopinda kwenye kioo cha bajaji, Wilber aliujulia wapi? Cusco, kwenye madawati ya migomo, na leo amefunga bajaji yake siku tatu yuko chini anavuta… basi huenda na yeye ataendesha bajaji, huenda, mgodi usimtake, sokoni wamwite injinia kwa kejeli, inatisha, inatisha kweli, na bado akiinua macho anaziona kamba nne juu ya mto Apurímac, zimelegea katikati, mpindo uleule wa kidole cha Wilber, hakuna aliyezichora, na zimetoka viganjani… “Sasa?” shangazi anauliza. “Saa inakwenda, injinia.” “Nimalize pima hii, shangazi.” Jua halijasogea, kioo cha simu kimejizima chenyewe juu ya goti, kule chini bado wanaita vuta, vuta, na nyasi zinapita viganjani kwa kulia, pima moja ikiisha atafuta mikono kwenye sketi na kubonyeza kile cha chini, cha Cusco, na Jumapili mnunuzi atapiga honi mlangoni mpaka achoke, Lucero na Pinto watakuwa malishoni.