Mswaki wa Idi hadi Idi

Mume wangu Ngoga hubadilisha mswaki kila miezi mitatu, kama mtu anayelipia mdomo wake kodi. Daktari wa meno ndiye aliyemwambia, na tangu hapo nyumba haina amani. Akiukuta wangu umetanuka kikombeni, anaushika kwa vidole viwili na kuniuliza kama ni mswaki au ni ufagio. Namwambia, baba, niache mimi na ufagio wangu. Nimelelewa Gisenyi, kando ya ziwa, mpakani na Goma, kwa Tantine Jovia, na kule umri wa mswaki ulihesabiwa kwa Idi.

Tantine alikuwa dada ya baba yangu. Alibatizwa kwa mapadri, akaolewa na Muhamadi, fundi cherehani karibu na soko, akasilimu. Ila ulimi wake haukusilimu sawasawa. Akishtuka alisema "Yezu Mariya!" kisha mbio mbio "astaghfirullahi!", nasi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa uani. Ee, nyumba ile! Harufu ya mandazi na mafuta ya cherehani, na upepo wa ziwa ukipeperusha vitambaa vya wateja. Nikiikumbuka moyo unaniuma, sisemi uongo.

Mkesha wa Idi Tantine alikusanya miswaki yote na kuikagua mlangoni penye mwanga. Mswaki ambao nywele zake zimelala, mwenyewe alipata mpya pamoja na nguo. Ambao bado zimesimama ulirudi koponi. Sasa fikiria: kati ya Idi ndogo na Idi kubwa ni miezi miwili na kitu, halafu kutoka hapo mswaki unatumika karibu miezi kumi. Daktari wa Ngoga angezimia.

Baba alinileta pale mwaka wa tisini na saba, mama akiwa ameshafariki. Alikuwa akivusha sabuni na chumvi mpakani, pale Petite Barrière, kisha akasema anakwenda kutafuta kazi mbele zaidi ya Goma. "Jovia, unichungie mutoto," alisema. "Nitakuya kumubeba." Tantine akanipa mswaki mwekundu na kunipapasa kichwa. "Kamata, Nyirasafari. Huu utakufikisha siku baba yako atarudia."

Yalikuwa maneno ya kumbembeleza mtoto, basi. Mimi niliyachukua kama mkataba. Mswaki ukiisha, ugeni umeisha. Na baba akiwa hajarudi, nitapelekwa wapi? Kwa bibi mdogo, mdogo wake bibi yangu, kule kijijini Busasamana, hapakuwa na kwingine. Miaka ile huko risasi zilikuwa zinalia, na watu walishuka mjini na magodoro kichwani. Niliogopa, jamani. Niliogopa hadi nikawa nakojoa kitandani, msichana mzima wa miaka tisa.

Basi nikaamua mswaki wangu usiishe. Kila asubuhi niliulowesha bombani ili uonekane umefanya kazi, kisha nikajificha nyuma ya choo na kusugua meno kwa kidole na makaa yaliyosagwa. Idi ikaja. Zubeda, binti yao, akapata mswaki wa kijani. Wangu ukakutwa umesimama kama askari, ukarudi koponi. Idi kubwa, vilevile. Nilifurahi kwamba nimebaki, na papo hapo nikawaonea wenzangu wivu wa kufa mtu.

Ramadhani nyingine ikafika, na baba hajaonekana wala hajatuma salamu. Mkesha wa Idi Tantine akaushika mswaki wangu, akaugeuza huku na huku.

"Hii iko mupya. Mwaka muzima! Nyirasafari, we haupigake muswaki?"

Akanishika kidevu, akanifunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeusi ti.

"Yezu Mariya! Astaghfirullahi! Mutoto ya kaka yangu anakula makala ya jiko kwangu! Juu ya nini?"

Nikaangua kilio. "Sitaki uishe, Tantine. Ukiisha mutanipeleka Busasamana."

Cherehani ikanyamaza. Tantine akakaa chini mkekani, akajifunika uso kwa kitenge. Muhamadi, mtu wa maneno machache, akanyoosha mkono. "Lete." Akauchovya mswaki wangu kwenye mafuta, akaanza kutolea nyuzi na vumbi ndani ya cherehani, maana huko ndiko miswaki yote ya nyumba ile ilikomalizia maisha. Lakini mswaki mzima, mpya! Na Tantine, ambaye tube ya dawa ya meno aliikamua mpaka akaipasua kwa mkasi, akamwacha aendelee.

"Donc, basi, umeisha," Muhamadi akasema. "Na we bado uko hapa."

Siku hiyo hiyo Tantine alinipeleka dukani, nikachagua wa bluu. Njiani nikamuuliza, "Na huu ukiisha?"

"Tutanunua ingine. Hata ukiuvunja leo, kesho tutanunua ingine. Baba yako akikuya, atakukuta kwangu."

Baba hakuja kamwe. Lakini siku ile sikujua hilo, na Tantine mwenyewe nilimwamini nusu tu. Ilibidi nimpime. Asubuhi ya Idi niliusugua ule mswaki kwa nguvu zangu zote, na kesho yake, na keshokutwa, fizi zikitoa damu. Kabla ya mwezi kuisha nywele zake zilikuwa zimelala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Nikaupeleka jikoni.

"Tantine, umeisha."

Akautazama. Akanitazama. Kisha akavua kandambili.

"We mutoto! Unasugulaka meno ama unasugulaka sufuria? Unafikiri Muhamadi anashonaka franka? Kichwa ngumu! Utatumaliza!"

Tangu nifike hakuwahi kunigombeza hivyo. Kelele kama hizo zilikuwa za Zubeda na kaka zake. Mimi nilikuwa "mugeni wetu", nikiongeleshwa polepole. Kandambili ikanipita sikioni, nikatimkia uani nacheka na machozi yananitoka, na yeye nyuma yangu anafoka mpaka majirani wakachungulia. Hapo ndipo nilipojua kwamba sipelekwi popote.