Jina la Kumi na Moja

Ukungu ulikuwa umelalia michai tangu alfajiri, mweupe, mzito, hata vilima vya upande wa Kapkatet havikuonekana. Binti Bitutu alipanda njia ya kambi ya wachuma chai akiona miguu yake tu na hatua mbili mbele. Alicheka peke yake: leo mimi na Karani tuko sawa.

Karani ni Zacheus Thuo. Macho aliyaacha Burma, katika vita vya watu wengine, akarudi na vidole. Na vidole hivyo, jamani, taipureta haikuvishinda! Kila tangazo la ofisi ya kambi alilipiga yeye, na kwa kuwa hakuona karatasi, Bitutu alimsomea. Bitutu anasoma, Thuo anapiga. Walifanya hivyo miaka miwili.

Sharti lilikuwa moja. "Macho yako yasitangulie mdomo," Thuo alimwambia siku ya kwanza. "Ukijua mbele utaanza kuhurumia, na mimi nitapiga makosa." Basi Bitutu alifunika karatasi kwa rula, akaiteremsha mstari kwa mstari, asijue kinachokuja. Akasoma hivyo habari za mvua ya mawe, za ng'ombe waliopotea, za vifo.

Asubuhi hiyo karatasi ilikuwa na muhuri wa serikali. Bitutu anasoma, Thuo anapiga. Kwa amri ya Hali ya Hatari, Wakikuyu kumi na mmoja wa kambi hii wataondolewa. Lori litakuja Ijumaa. Kila mtu mzigo mmoja. Majina ni haya.

Vidole vya Karani havikupunguza mwendo. Thuo mwenyewe ni Mkikuyu, na watu hao alisali nao kila Jumapili. Nganga wa duka: likatoka, likapigwa. Priscillah, mkewe: likatoka, likapigwa. Rula ikashuka, ikashuka, hadi jina la kumi. Ikashuka tena, na Bitutu akaacha kusoma kwa sauti.

Zacheus Thuo.

Alilisoma kimyakimya mara mbili, mara tatu, herufi hazikubadilika. Mungu wangu, mtu huyu ataongozwa na nani huko waendako? Atasomewa na nani? Hasira ilimpanda, na woga, na aibu ya kuwa na macho. Vidole vilikuwa juu ya mashine, vikingoja mdomo wake.

"Imeisha, Karani."

Hakuwa amewahi kumdanganya.

"Haijaisha. Huko juu umesoma kumi na mmoja. Mimi nimepiga kumi."

"Labda walikosea kuhesabu."

"Hawa? Hawa hawakosei." Akamgeukia. "Ni mimi?"

Bitutu akaiweka rula mezani, na Thuo akaelewa.

"Tuache hivyo, Karani," alimsihi. "Nani atajua?"

"Ijumaa askari watahesabu vichwa kwa lori. Wakikosa mmoja, watachukua Mkikuyu yeyote mwenye ako karibu, hata Wanjuhi, ambaye jina lake halimo, na mtoto wake mgongoni. Sema, nipige."

Akalisema. Mdomo wake mwenyewe, jamani, ulilisema. Na Thuo akalipiga jina lake kama alivyoyapiga yale mengine, bila haraka, bila kusita.

Kila ukurasa ulipoisha ilikuwa desturi Bitutu ausome upya kutafuta makosa, na siku zote lilikuwapo moja: herufi imerukwa, nafasi imesahauliwa. Hapo walicheka, wakaichana karatasi, wakaanza tena. Leo alisoma polepole, akipekua kila jina, akiomba. Kosa moja tu, Mungu, karatasi hii ichanwe, tukae humu kidogo zaidi.

"Kuna kosa?"

"Hakuna, Karani." Machozi yalikuwa yakimdondoka mkononi. "Leo hakuna hata moja."

"Basi kabandike mlangoni, watu wapate kufunga mizigo," Thuo akasema. "Halafu urudi, mama, unisaidie kufunga wangu."