Kishikwambi cha Safari za Nje

Mama Edina hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Ukimuuliza kama gauni lako jipya limekukaa vizuri, ujue umejitakia mwenyewe. Kwenye karatasi za ofisi aliitwa Dorothea, afisa mbegu wa Taasisi ya Nafaka za Nyanda Kame, na siku alipoteuliwa kuiwakilisha nchi kwenye Bodi ya Mbegu ya Kanda, bodi ambayo vikao vyake huhamahama kama mifugo ya kiangazi, leo Lusaka, kesho Gaborone, keshokutwa Nairobi, wenzake walimpigia vigelegele ukumbini. Yeye aliuliza swali moja.

"Makabrasha yao yanakuja kwa karatasi au kwa mtandao?"

"Kwa mtandao," alijibu mkurugenzi, Bwana Gerson. "Yote."

"Basi nahitaji kishikwambi. Kiwe chepesi, kiingie kwenye mkoba huu. Chaji ikae kutwa. Na kiwe na mahali pa laini ya simu, maana kila nchi nitanunua laini ya kwao. Jumamosi naenda Majengo kununua mchele, nitapitia dukani. Jumatatu nakuja nacho na risiti."

Bwana Gerson akacheka kwa upole, kama mtu aliyesikia mtoto akiomba kuendesha gari.

"Mama Edina, hii si kilo ya nyanya. Kifaa cha safari za nje kina utaratibu wake. Tutaunda kamati."

Kichwani mwa Dorothea mlikuwa na jambo moja tu: uwele wa Haneti. Mbegu hiyo ilikuwa kwenye orodha ya Kanda kwa majaribio, na kikao cha Lusaka ndicho kingeithibitisha au kuifuta. Ikifutwa, akina mama wa Haneti wanaoishi kwa kuiuza hadi nje ya mipaka wangebaki kuuziana wao kwa wao. Na kwenye ile bodi, mbegu isiyosimamiwa na mtu hufutwa kimyakimya, kabla ya chai. Ilibidi asimame mtu anayeijua, na aliyeijua alikuwa yeye.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti wake alikuwa Batholomeo wa ugavi, mtu mwema, mnene, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa wa Singida. Kukaa jirani na Bunge kunaambukiza. Hapa Dodoma hata kikao cha kuchangia msiba kina taarifa na mwongozo, na wajumbe wa kamati ya kishikwambi walikuwa wamegonga meza mara kadhaa kabla supu haijaingia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza Yasinta wa uhasibu, akiinuka na kufunga kifungo cha koti, "naomba nami nichangie hoja iliyo mbele yetu. Afisa ametaja chepesi. Sasa najiuliza, nchi yetu ni nyepesi?"

Meza zikagongwa.

"Dada Yasinta," alisema Dorothea, aliyeitwa kama mwalikwa, "nchi sitaibeba. Nitabeba kishikwambi."

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mwalikwa anazungumza bila kuwasha kipaza sauti."

"Hapa hakuna kipaza sauti."

"Ndiyo maana nasema utaratibu."

Mwenyekiti akatoa mwongozo kwamba mwalikwa asubiri. Mjumbe wa itifaki akasema kifaa kikiwekwa mezani Lusaka lazima kionekane kutoka mlangoni, wengine wajue Tanzania ipo. Mwingine, ambaye shemeji yake aliwahi kufika Dubai, akasema ndege hupita juu ya bahari, kwa hiyo kiwe kile kisichoingia maji. Dorothea akauliza kama ndege ikitumbukia baharini yeye ataendelea kusoma makabrasha. Akaambiwa hilo ni nje ya hadidu za rejea. Chaji ya kutwa iliahirishwa mpaka kikao kijacho, na kikao kijacho ikaonekana haina mtoa hoja, kwa sababu mtoa hoja alikuwa mwalikwa, na mwalikwa hatoi hoja.

"Wewe ungechagua kipi?" Edina, binti yake, alimuuliza jioni moja nyumbani Nzuguni, wakimenya viazi.

"Kilichopo dukani. Menya hicho vizuri, unatupa ganda na nyama yake."

Vikao vikaenda, supu ikaenda, wiki ya Lusaka ikasogea, na hatimaye kifaa kikaja. Kilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau. Kilikuwa na mguu wa kukisimamisha, kibodi chake, kalamu yake na mfuko mgumu unaofungwa kwa ufunguo. Ilifanyika hafla ya makabidhiano. Mchungaji akaomba, shehe akaomba, utepe ukakatwa, na Bwana Gerson akahutubia kwa muda wa kutosha kuivisha maharage. Dorothea alikabidhiwa kifaa mbele ya kamera, kisha, kamera zilipozimwa, kikachukuliwa mikononi mwake kwenda kusajiliwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na wala hakuna aliyekusudia ubaya. Katika taasisi ile, kama ilivyo katika ofisi nyingi, mali yoyote ikinunuliwa hupewa namba, na namba hiyo huandikwa kwenye orodha inayobandikwa nyuma ya mlango wa chumba: viti vinne, meza moja, kabati moja, pazia. Mtunza ghala hakuwa na fungu la vitu visivyokaa chumbani. Akakiandika kishikwambi kuwa mali ya Chumba Namba Tisa, chini ya pazia. Namba yenyewe akaipaka rangi nyeupe kwa brashi, upande wa mbele, juu kabisa, ili mlinzi aione bila kupata tabu ya kukigeuza. Nusu ya jicho la kamera ikaliwa na rangi.

Siku mbili kabla ya safari, Dorothea alikibeba kifaa kwapani, kwa kuwa kwenye mkoba hakikuingia, akaenda getini.

"Shikamoo, mama," alisema mlinzi, Zablon.

"Marahaba. Nifungulie, mwanangu, nawahi."

Zablon akaisoma ile namba, midomo ikichezacheza. "Hiki ni cha Chumba Namba Tisa, mama."

"Ni cha safari za nje."

"Sawa. Lakini nje ni huku, na chenyewe ni cha mule ndani. Pazia ukilibeba nitakuruhusu?"

"Pazia linakwenda Lusaka?"

"Mimi sijui safari za mapazia, mama. Naomba kibali."

Kibali kilitaka saini ya kamati. Kamati ikakaa kwa dharura, akidi ikatimia, supu ikawa ya kuku. Ikabainika kwamba mali ikivuka mpaka wa nchi lazima iongozane na mtunzaji wake, na mtunzaji aliyesaini kuipokea alikuwa Batholomeo. Tiketi nayo ilikuwa moja.

"Kwa hiyo?" aliuliza Dorothea.

Bwana Gerson alijikuna kidevu. "Tuwe wakweli, Mama Edina. Mtu asiporudi, ana ndugu wa kumtafuta. Mali ikipotea, anatafutwa mtu."

"Mnataka kishikwambi kiende na mimi nibaki."

"Hatutaki. Ni utaratibu ndio unataka. Halafu wasilisho lako si limo humo ndani? Mwenyekiti atalifungua tu."

"Batholomeo anaujua uwele?"

"Naula," alisema Batholomeo kwa unyenyekevu. "Na mlenda."

Wajumbe wakagonga meza. Dorothea alimtazama kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akapata shughuli kwenye bakuli lake. Angeweza kupiga kelele. Lakini kelele zingehitaji kikao kingine, na ndege haingekisubiri. Akamvuta Batholomeo pembeni.

"Sikiliza, baba. Ikifika zamu ya Tanzania, usisome kitu, usihutubie. Nipigie kwa video, kiweke mezani, kigeuze kiwatazame wao. Basi. Utaweza?"

"Nitaweza, Mama Edina. Ila salamu za mkurugenzi je?"

"Utazileta ukirudi."

Siku ya kikao Dorothea hakwenda ofisini. Alikuwa Haneti tangu asubuhi, katika shamba la Angelina, mama mtu mzima aliyeanza kuichagua mbegu ile wakati wenzake wakimcheka. Shamba liko karibu na mnara wa simu, na uwele ulikuwa umekomaa, masuke yamesimama na nywele zake ngumu kama fagio.

"Mbukwa," Angelina alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona huku? Si ulisema unapanda ndege?"

"Ndege imepandwa na sinia."

Angelina alingoja maelezo. Alipopewa, akauliza, "Na huyo mtunzaji, sinia likiumwa, yeye ndiye anakunywa dawa?"

Kabla hajajibiwa, simu ikaita. Kwenye kioo cha simu ya Dorothea likatokea tundu la pua, likifuatiwa na Batholomeo mwenyewe, suti na tai.

"Mama Edina, itifaki ikiwa imezingatiwa..."

"Geuza."

"Nageuza. Ila kuna changamoto ndogo. Chaji inakaribia kwisha."

"Chomeka."

"Chaja haikuandikwa kwenye kibali. Zablon alibaki nayo getini."

Dorothea alifumba macho, akayafumbua. "Geuza, Batholomeo."

Picha ikayumba, na bodi ikatokea, upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umefunikwa na weupe wa rangi ya mtunza ghala. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye miwani, nusu uso, akasema muda wa Tanzania ni huu na ametajiwa mtu asiyemwona. Dorothea akamjibu kwa Kiingereza chake cha diploma, kifupi, kisicho na mapambo.

"Mwenyekiti, mimi ndiye afisa mbegu. Kifaa hiki kinazimika sasa hivi, kwa hiyo sitasalimia. Nipo shambani. Mnaona masuke haya? Yana nywele. Huo wa kushoto, wa jirani, ni uwele mwingine, ulionunuliwa dukani, hauna nywele. Tazameni tu, msinisikilize mimi."

Akaishika simu juu kwa mikono miwili. Angelina, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alielewa kuliko kamati nzima. Akavua kitenge cha mabegani, akakikung'uta kwa nguvu kwenye kichaka cha mpakani, na kundi la ndege aina ya kweleakwelea likaruka kama vumbi. Likazunguka juu ya uwele wa Haneti, likashuka, likaguswa na nywele, likapaa tena. Kisha lote likatua kushoto, kwenye uwele wa dukani, likaanza kula kwa fujo.

Huko Lusaka mtu mmoja, aliyefunikwa na rangi, akauliza unakomaa lini.

"Kabla mvua haijatukimbia. Mwaka jana ilitukimbia mapema, na huyu mama alivuna. Jirani yake alinunua chakula. Muulizeni jirani mkitaka, yupo pale, amenuna kwa sababu ya hao ndege. Mbegu hii inawatosha watu wa—"

Kioo kikawa cheusi.

Dorothea aliendelea kuishika simu juu kwa muda, kisha akaishusha. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena. Jirani aliyenuna alikuwa sasa anarusha mawe kwenye shamba lake na kuwatukana ndege kwa Kigogo.

"Wamesikia?" aliuliza Angelina.

"Wameona. Kama wamesikia, sijui."

"Wakikataa?"

"Wakikataa, mama, sina cha kukudanganya. Hutauza nje tena. Utauza hapa, kwa bei ya hapa."

Angelina akaitikia kwa kichwa. Wakaketi kwenye tuta. Jua lilipanda, simu ya Dorothea ikiwa imelala mapajani mwake kama mtoto mwenye homa, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kumfariji mwenzake.

Simu ilipoita, ilikuwa namba ya kigeni. Batholomeo alikuwa ameazima ya mjumbe wa Zambia.

"Mama Edina, nianze kwa kumshukuru Mungu aliyetujalia uzima, na pia nichukue fursa hii—"

"Imepita au haijapita?"

"Nilikuwa nakuja huko. Kwanza niseme, ukumbi mzima umekisifia kifaa. Wote wameuliza ni cha nchi gani. Kwa kweli kamati ilifanya kazi kubwa, na nimeshamjulisha mkurugenzi, ameona kumbe safari hizi hata ukibaki shambani zinakwenda, kwa hiyo Gaborone nitakisindikiza tena mimi, na wewe utatafutiwa shamba zuri zaidi, litaundiwa..."

"Batholomeo. Mbegu."

"Imepita. Imethibitishwa. Ya kudumu."

Dorothea akakata simu huku Batholomeo akiendelea kushukuru. Alikaa akiitazama ile namba ya kigeni mpaka ikapotea kiooni. Gaborone alikuwa ameitamani, hilo hakulificha. Alikuwa hata ameshauliza baridi ya huko ikoje.

"Wanasemaje?" aliuliza Angelina.

"Wanasema uuze popote."

Angelina hakushangilia. Alinyanyuka, akajifunga kitenge kiunoni, akachukua kapu na kuingia kwenye mstari wa kwanza. Akashika suke, akalibinya kwa vidole, akaliacha. Akashika la pili, akalikata, likaingia kapuni kuwa mbegu ya mwakani. Dorothea akavua viatu vya ofisini, akamfuata na mstari wa pembeni.

"Hilo siyo," alisema Angelina bila kugeuka. "Chukua la nyuma yake."