Limeondolewa au Kaondolewa

Asnath alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake. Kazi yake ilikuwa kupanga majalada, kuita majina ya wenye mashauri na kuwatajia tarehe ya kurudi. Alipostaafu alitulia nyumbani kwake Manundu, pale Korogwe, na kuku wake na matuta yake ya mchicha, akadhani mambo ya mahakama amemalizana nayo.

Binti yake Raheli ndiye aliyemwingiza kwenye kundi la WhatsApp lililoitwa Njia Panda. Lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wa Handeni na wa Korogwe, na kutwa kucha walibishana kuhusu kura, wagombea na kesi. Kiongozi wa kundi alikuwa Muhsin, mwenye duka la pembejeo Handeni mjini. Asnath alisoma tu. Hakuwahi kuandika hata salamu.

Jumatano moja, miezi michache baada ya uchaguzi, ukatoka uamuzi wa kesi ya Sabiri. Huyu Sabiri alikuwa mkulima wa Misima aliyegombea udiwani akashindwa kwa kura kumi na nne, akaenda mahakamani kupinga matokeo. Mtu mmoja aliupiga picha ukurasa wa mwisho wa uamuzi, Kiingereza kitupu, akaurusha kundini. Nusu ya kundi wakasema Sabiri kashinda. Nusu wakasema diwani kashinda. Matusi yalipoanza kuchungulia, Muhsin akampigia Asnath, akamsihi kama mama aliyekula chumvi ya mahakama awafafanulie watu.

Asnath aliusoma ule ukurasa mara mbili. Mahakama ilikuwa haijasikiliza shahidi hata mmoja. Kiapo kilichoambatanishwa na maombi kilikuwa na kasoro, kwa hiyo shauri limeondolewa. Na kuondolewa si kutupwa. Shauri likitupwa limekufa. Likiondolewa, mwenye nalo anaweza kurekebisha kasoro akarudi, ilimradi muda unamruhusu au mahakama imemwongezea. Alibonyeza simu akarekodi sauti yake akiyaeleza hayo kwa dakika mbili akiwa jikoni, maharage yakitokota, akatuma. Jioni ile bando lake likaisha, naye hakuwa na haraka ya kununua jingine.

Kesho yake asubuhi alimsalimia Amne, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akianika nguo. Amne alikung'uta shuka, akalitundika, akaingia ndani. Asnath akafikiri hakumsikia. Akaenda dukani kwa Deogratius kununua sabuni, na Deogratius akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alimwambia amewaambia ukweli, sasa wale watu wanyamaze. Asnath akauliza watu gani. Deogratius akacheka tu, kama mtu anayefanyiwa utani, akamhudumia mteja mwingine. Akiwa njiani kurudi, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akamwita mheshimiwa hakimu, akaondoka zake.

Ijumaa akapigiwa simu na Mzee Mbwana wa Misima. Mbwana alikuwa kaka mkubwa wa Sabiri na rafiki wa siku nyingi wa marehemu mume wa Asnath, hata baada ya msiba hakuacha kumletea mahindi kila mavuno.

"Shemeji, umetutoa gizani," alisema. "Kesho uje kwetu, tuna shughuli kidogo."

Asnath akaona moyo wake umetua. Basi wapo walioelewa. Wameshukuru kufafanuliwa, na wanataka kumwalika chakula. Jumamosi akavaa gauni lake la kanisani, akapanda gari la Handeni, akashuka Misima saa nne.

Alikuta turubai limefungwa, masufuria ya pilau yako motoni, na kina mama wakampokea kwa vigelegele tangu barabarani. Akakalishwa mbele, kati ya Mbwana na Sabiri. Sabiri, mtu wa miaka arobaini hivi, alimwamkia kwa adabu, lakini hakumtazama usoni. Mzee mmoja akasimama, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru mama wa mahakamani aliyewatangazia kwamba diwani kaondolewa na kiti ni cha Sabiri.

Asnath alihisi masikio yamejaa maji. Akamwinamia Mbwana, akamwuliza kwa sauti ya chini nani kaondolewa.

"Diwani," Mbwana akasema. "Si wewe ulisema?"

Akatoa simu, akaipandisha sauti, akamwekea sikioni. Ilikuwa sekunde tisa tu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na nyuma yake mfuniko wa sufuria ukigongagonga. Sauti ile ikasema: diwani, kwa mujibu wa uamuzi huu, ameondolewa.

Akaomba airudie. Mara ya pili akasikia ameondolewa. Mara ya tatu akasikia limeondolewa, lakini lile neno shauri halikuwepo. Ujumbe mzima wa dakika mbili alikuwa keshaufuta simuni mwake ili kupata nafasi, na huku kilichozunguka ni kipande hiki tu. Alijua alichokusudia. Alikusudia kusema shauri dhidi ya diwani limeondolewa. Je, kuna mtu alikata maneno na kuyaunga? Au ni yeye, akichungulia maharage, aliyeteleza ulimi? Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuhakikisha jina na tarehe haviandikwi vibaya, na sasa hakuweza kuapa juu ya herufi mbili zilizotoka kinywani mwake.

Akamwomba Sabiri wazungumze pembeni. Wakaenda nyuma ya ghala, na Mbwana akawafuata.

"Baba, wewe si ulikuwepo mahakamani siku ile?" Asnath akamwuliza Sabiri.

Sabiri akakiri kwamba alikuwepo. Uamuzi ulisomwa kwa Kiingereza, yeye akaambulia jina lake tu. Wakili akamwambia wakiwa mlangoni kwamba shauri limeondolewa, asubiri simu yake, akapanda gari kuwahi kesi nyingine. Akarudi nyumbani akijua ameshindwa. Lakini alipofika Misima watu walikuwa wanamrukia kwa furaha, na simu haikukoma kulia kwa pongezi. Usiku na mchana akasikiliza ile sauti. Mwishowe akajiuliza, huenda ni yeye aliyemsikia wakili vibaya.

"Mimi nilikuwepo, mama, lakini wewe ndiye unayejua," alisema. "Sasa niambie. Nimeshinda au nimeshindwa?"

"Hujashinda," Asnath akasema. "Wala hujashindwa. Kesi yako haijasikilizwa."

Mbwana akauliza, bila hasira, wamwamini Asnath yupi, wa Jumatano au huyu aliyesimama mbele yake. Ng'ombe keshachinjwa, na watu wako pale. Asnath akamwambia Sabiri alete karatasi zenyewe.

Sabiri akaleta uamuzi wote, kurasa tano zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Asnath akaketi juu ya gunia, akavaa miwani, akausoma sentensi moja baada ya nyingine, akitafsiri taratibu. Kiapo hakikuwa na tarehe. Hilo tu. Baada ya hapo wakampigia wakili, naye akathibitisha: Jumatatu anapeleka maombi ya kuongezewa muda, na mahakama inaweza kukubali au kukataa. Alishangaa kusikia kuna sherehe.

Mbwana akarudi kwenye turubai, akawaambia watu kwamba mambo bado, wale chakula, wamwombee Sabiri. Wengine walidhani anasema hivyo kwa unyenyekevu, wakapiga makofi. Asnath akamwomba Sabiri amrushie intaneti kutoka kwenye simu yake, akarekodi ujumbe mpya akiwa amesimama wima kama aliye mbele ya hakimu. Akataja shauri, akataja limeondolewa, akaitamka ile li kwa nguvu.

Majibu yalikuja kabla hajamaliza sahani ya pilau. Mmoja aliandika kwamba mama ametishwa. Mwingine aliandika kwamba mama amenunuliwa. Wa tatu, wa upande wa diwani, alimpongeza kwa kukiri kwamba Sabiri ameshindwa. Muhsin akaandika kwamba sasa kundi lina sauti mbili za mama Asnath, akaanzisha kura watu wachague ipi ndiyo ya kweli.

Alasiri alirudi Korogwe. Sabiri alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru, akasema angalau sasa anajua kitu cha kumwuliza wakili. Alionekana amepata nafuu. Asnath hakuona nafuu yoyote.

Alipofika stendi akaingia kibandani kunywa chai. Kwenye benchi kulikuwa na wanaume wawili wakibishana, na katikati yao simu ikitoa sauti yake yeye, Asnath, na ya sufuria lake. Alisikiliza kidogo, kisha akawaambia kwa upole kwamba mahakama haikuamua hivyo.

Mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kiua, akamgeukia kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Kwani wewe ni mwanasheria?"

"Marahaba. Hapana, nilikuwa karani tu."

"Basi, mama, hebu msikilize huyu," akasema, akiisogeza simu karibu naye na kupandisha sauti. "Huyu alikuwa mahakamani, anaijua sheria."

Asnath akakiweka kikombe mezani, akainamisha kichwa, akasikiliza pamoja nao mpaka mwisho, akijaribu kujua ni neno lipi hasa mama yule alikuwa akisema.