Mwalimu Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Jenoveva, muuza kabichi wa Soni, alikuwa na mdomo usio na breki. Kabla hajashika gitaa hata mara moja, soko zima lilishajua kwamba anakwenda Lushoto kujifunza wiki nzima, na kwamba Jumamosi, siku ya kufunga mafunzo, atapiga peke yake mbele ya watu. Zakia, jirani yake wa meza, hakubisha. Alisema tu kwamba atakuja na soko lote kushuhudia.

Mwalimu aliitwa Valentino, kijana wa Magamba wa miaka ishirini na mitatu, mwenye malezi. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, watu wazima watupu, na kila asubuhi aliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mzee, mpaka chai ya saa nne inanukia. Sasa malezi hayohayo ndiyo yaliyomfunga ulimi. Atamwambiaje mtu wa rika la baba yake kwamba amekosea? Ukipiga vizuri alisema vizuri. Ukipiga vibaya alisema vizuri, halafu akatazama dirishani.

Kichwa kikamvimba Jenoveva hadi Alhamisi. Siku hiyo Mzee Abrahamu, bwana misitu mstaafu, alimaliza wimbo mzima huku nyuzi zimeelekea tumboni, anagonga ubao wa nyuma. Valentino akasema, "Tunaendelea vizuri, mzee."

Jenoveva akajiuliza. Kama ile ni vizuri, yake je?

Akambana kijana kwenye foleni ya chai amweleze ukweli. Kijana akajiumauma, akasifu hali ya hewa. Hapo Jenoveva akarudi kwenye ujuzi wake wa siku zote, kuchimba ukoo wa mtu. Mama yako wa wapi? Wa Malindi ya hukuhuku Lushoto. Binti wa nani? Wa Beatha. Beatha yupi, yule mwenye mapeasi? Huyohuyo.

"Mimi na Beatha mama zetu ni wa tumbo moja," alisema Jenoveva. "Kwa hiyo mimi ni bibi yako, na bibi hutaniwa. Haya, mume wangu, nitukane."

Valentino akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha pumzi ya siku nne.

"Bibi, unapiga kama unafukuza kuku. Kidole cha pete kimelala tangu Jumatatu, na wimbo wenyewe unaujua wewe na Mungu tu."

Jenoveva akacheka mpaka chai ikamwagika. Kufika jioni Mzee Abrahamu naye alishajigundua kuwa babu, na wengine wanane walikuwa kwenye mstari wakitafuta undugu. Likawa darasa la kutukanana, na gitaa zikaanza kusikika kama gitaa.

Jumamosi soko likajaa ukumbini. Jenoveva akapita ubeti wa kwanza salama. Wa pili, kidole kikalala. Zakia ameanza kutabasamu. Kutoka pembeni Valentino, ambaye sasa alishanogewa, akapaza sauti.

"Mke wangu, mwamshe huyo."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye Jenoveva akicheka akamwamsha, akamaliza wimbo wote, watu wakasimama. Zakia akatafuta kasoro ya kurudi nayo Soni, akakosa pa kushika, akaishia kusema kwamba gauni halikupigwa pasi.