Meneja, Karani na Mkanda wa Kochi

Krrr. Krrr. Kimya kidogo, halafu krrr nyingine ndefu, kama mtu anayeburuta kabati la chuma juu ya sakafu ya saruji. Kisha pumzi: pumzi nzito, kama za watu wawili wanene waliotoka kupanda ngazi, zikipenya chini ya mlango, na muayo mmoja mrefu.

Sponji alivuta shuka hadi puani. Akili yake ya kwanza ilimwambia ni wezi. Ya pili ikamwambia wezi hawapigi miayo. Ya tatu, ambayo kwa kawaida huchelewa kuamka, ikamkumbusha kwamba hapa si kwake, ni kwa shangazi yake, na kwamba wanaokwaruza mlango ni Meneja na Karani, wanadai mbio zao.

Sponji alikuwa fundi wa makochi. Kochi lililobonyea likiingia karakana yake lilitoka limetuna kifua, kama yeye mwenyewe, maana hakuna jambo chini ya jua ambalo Sponji alikiri limemshinda. Akiulizwa kama anajua kuogelea, anajua, ila leo ana mafua. Basi shangazi yake alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, akahamishiwa kwa binti yake upande wa pili wa mji, na akauliza kwa sauti ya unyonge nani atakaa na mbwa wake, Sponji alijibu swali likiwa bado mdomoni.

"Mbwa ni kitu gani, shangazi?"

Mbwa walikuwa vitu viwili. Meneja, dume, alikuwa na upana wa kochi la mtu mmoja na uzito wa kochi la watu watatu. Kazi yake ilikuwa kuamua tu. Karani, jike, mwembamba kidogo na mwenye haraka, ndiye aliyetekeleza. Meneja akikikazia macho kitu, Karani ameshakwenda kukileta. Shangazi, pamoja na mvi zake zote, alikimbia nao kila alfajiri miaka nenda miaka rudi: kutoka lango la nyuma, kukata shamba la miti, kupanda kilima hadi kwenye mnara wa simu, kisha kushuka kwa njia ya kijito. Wageni waliokutana naye kwa mara ya kwanza walidhani anafukuzwa, wakatafuta mawe ya kumsaidia.

Mbwa hao wakikosa kukimbia, hulia. Si kubweka, kulia, mchana kutwa, kama waliofiwa na baba. Mwenye nyumba, mzee wa presha aliyeishi nyumba ya mbele, alikuwa ameshasema neno lake la mwisho. Siku wakilia tena atampigia simu mwenye machimbo ya kokoto, ambaye kwa muda mrefu amewataka awafunge mnyororo walinde mashine zake. Na shangazi naye alimwambia Sponji neno lake moja tu: wakipelekwa kwenye lile vumbi na ule mnyororo, yeye hana cha kurudia katika nyumba ile.

Siku ya kwanza Sponji alijaribu ujanja. Akawazungusha nyumba kwa miguu, taratibu, huku akipiga mluzi, akawapa chakula, akaenda zake kazini. Adhuhuri haijafika Meneja akainua kichwa, akaamua. Karani akatekeleza. Kilio kilisikika hadi karakana, na Sponji alitoka nduki na sindano ikiwa bado mdomoni, akamkuta mzee na simu mkononi. Alimbembeleza kwa maneno yote aliyokuwa nayo na mengine ya kuazima. Mzee akairudisha simu mfukoni, lakini polepole, ili aonekane anavyoirudisha.

Usiku ule Sponji alifikiri kifundi. Kamba mkononi ingemchuna, na mikono ndiyo ugali wake. Kamba kiunoni ingemvunja mgongo. Kilichotakiwa ni kitu kinachovutika. Akakata vipande viwili vya ule mkanda wa mpira unaotandazwa chini ya kiti cha kochi ili mtu akikaa asizame. Akavishona kwenye mshipi wa ngozi wa kiunoni, kimoja kwa kila mbwa, akarudia mshono, akaurudia tena, ili usikatike hata ukivutwa na ng'ombe.

Na haukukatika. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Fundi alijua vizuri mkanda ule unamfanyia nini mtu anayekaa. Hakuwa amejiuliza unamfanyia nini mtu aliyesimama.

Alfajiri yake, mvua za masika zikimwagika kama zimetumwa, alifungua lango. Mbwa waliondoka. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea, na Sponji akaona kumbe ana nguvu kuliko alivyodhani. Kumbe mpira ulikuwa unajivuta tu. Ulipofika mwisho ukakumbuka kazi yake, na Sponji akatoka langoni bila kugusa ardhi. Aligusa baadaye, kwa tumbo. Shamba la miti alilipita akiwa amefumba macho, na kilima alikipanda kwa magoti, akiwasihi mbwa kwa majina ya heshima. Kwenye kijito Karani alipita kulia kwa mti, Meneja kushoto, na mti ukabaki na Sponji.

Aliporudi, mwenye nyumba alikuwa kwenye baraza lake linalotazama lango la nyuma, na kikombe cha chai. Alivuta kiti karibu na ukingo, akakaa vizuri.

Shangazi alipiga simu Sponji akiwa amelala chali sakafuni, tope likikauka masikioni. Aliuliza mmekimbiaje. Ukweli ulifika hadi kooni, ukamwona mwenyewe amevimba pale, ukageuka ukarudi.

"Salama kabisa, shangazi. Wananifuata nyuma kwa adabu, kama wanafunzi wanaokwenda kukaguliwa."

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. "Nyuma?"

"Nyuma kabisa. Nimewanyoosha."

Shangazi akauliza kama wanakula vizuri, akaaga. Sponji hakusikia chochote katika kile kimya. Watu wanaojisikiliza wenyewe huwa hawana nafasi ya kusikia vingine.

Masika yakapita, kipupwe kikaingia na ukungu wake. Ikawa mbwa wakitangulia hatua chache hawaonekani. Sponji aliona mikanda miwili tu ikizama kwenye weupe, kama mtu aliyefungwa kwenye wingu lenye haraka. Lakini kiuno chake kilikuwa kimeanza kusoma. Mkanda wa kulia ukilegea, Karani amenusa kitu, jitayarishe. Wa kushoto ukikaza polepole, Meneja anafikiri. Ukikaza ghafla, ameshafikiri. Akajifunza kuegemea nyuma kwenye mteremko, kuruka Karani anaporuka, na kuanguka kwa bega badala ya pua. Suruali zikaanza kumpwaya. Siku nyingine aliamka kabla ya ile krrr, akakaa kitandani akiisubiri, na ikichelewa moyo ulimwenda mbio.

Asubuhi moja walifika kwenye mnara, na ukungu wote ulikuwa chini yao, umelala bondeni kama pamba ambayo bado haijashindiliwa kwenye mto. Mbwa wakamwegemea, mmoja huku, mmoja huku, mvuke ukiwatoka mgongoni. Sponji aliwaambia neno ambalo asingelirudia mbele ya binadamu hata angeminywa kwa koleo.

Siku ile ile shangazi alimuuliza kwenye simu kama kijito kimepungua, na kama ule mti ulioinama juu ya njia bado unashikilia. Sponji akasema hakutazama. Yeye anatazama saa tu.

"Hawa mbwa nawavumilia kwa ajili yako, shangazi. Ingekuwa mimi..." Akaacha hapo, akiona imekaa kiume.

Kiangazi kikaja na vumbi. Meneja akaamua kwamba mbio za juani zimefutwa. Walipofika kijitoni alijilaza katikati ya maji, na kwa kuwa mkanda ulikuwa umeshonwa na fundi hodari, Sponji naye akalazimika kukaa majini, na nguo zake na viatu vyake, huku Karani akimletea mawe, moja baada ya jingine, akiyapanga mapajani mwake. Mteja aliyefuata kochi lake karakana siku ile alimkuta fundi amelowa hadi kifuani. Sponji akamweleza kwamba kuna sponji mpya za majaribio. Kwa shangazi akaripoti kwamba mbwa wametulia ajabu: hata kubweka wameacha, wanatazama chini tu. Aliona ametoa sifa kubwa.

Mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kudondoka wakati binamu yake, yule binti wa shangazi, alipoingia karakana na kujitupa kwenye kochi ambalo hakuwa na nia ya kulinunua.

"Hongera, Sponji. Umemliza mama yangu wiki nzima."

Sponji aliuliza amefanya nini. Binamu yake akamweleza huku akichomoachomoa nyuzi za kochi. Mama sasa anatembea, kwa fimbo. Kesho asubuhi anakuja nyumbani kwake. Na gari la machimbo linakuja pia, kuchukua mbwa. Amewatoa.

"Amewatoa? Yeye mwenyewe?"

"Ulidhani unamsimulia nani, mtoto mdogo? Amewalea wale tangu hawajafumbua macho. Anasema Meneja anayetembea nyuma ya mtu si Meneja, ni ngozi yake tu. Eti wanatazama chini, hawabweki. Anasema ama wanaumwa, ama unawapiga, na kwamba umeshamwambia huwapendi. Nikamkumbusha habari ya mnyororo. Akanijibu, kama hawana mbio tena, mnyororo utawanyima nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, fupi, yenye neno "naburutwa" ndani yake. Sponji alifungua mdomo, na mdomo, kwa mazoea, ukasema, "Mwambie aje ajionee mwenyewe." Binamu yake akamtazama kama mtu anayetazama kochi lisilofaa hata kukarabatiwa, akaondoka.

Mara kadhaa jioni ile alishika simu. Lakini maisha yake yote shangazi hakuwahi kumsikia akisema ameanguka, na yeye hakujua neno lenyewe linaanzia wapi.

Kulipopambazuka akawafunga mbwa na kuwapeleka kilimani, akisema moyoni kwamba maneno atayapata huko. Na aliyapata. Chini ya mnara, mvua ikimchuruzika shingoni, alitunga hotuba ya heshima, yenye utangulizi mzuri na sehemu ya katikati inayomfanya mtu aonekane mnyenyekevu bila kuaibika. Aliijaribu kwa mbwa. Karani alikaa akasikiliza. Meneja alipiga miayo, halafu katikati ya muayo akafunga mdomo, masikio yakasimama. Kule chini, kwenye lango la nyuma, mtu alikuwa anashuka garini. Alikuwa na fimbo.

Mkanda wa kushoto ukakaza ghafla.

Njia yote ya kushuka Sponji aliiona kwa vipande. Akaona mti ulioinama, kijito, anga, kijito tena. Akaona lango wazi, na shangazi amesimama katikati yake kwa mguu mmoja na nusu, na dereva wa machimbo nyuma yake na minyororo begani. Akaona pia, waziwazi kuliko alivyowahi kuona jambo lolote, uzito wa kochi la watu watatu ukiiendea nyonga ile iliyopona juzijuzi. Hotuba ikamtoka kichwani yote. Akatupa mikono, akakumbatia nguzo ya uzio wa shamba, akafumba macho.

Mpira ukavutika. Ukavutika mpaka mishono yote ikalia. Mbwa wakapunguza mwendo, wakasita, na wakafika kwa shangazi wakiwa na nguvu ya kumlamba mkono tu, basi. Nguzo ikabaki na Sponji kwa muda. Kisha ikamponyoka vidoleni kwa tope, na mpira ukakumbuka kazi yake.

Alisafiri chini chini, akapita katikati ya mbwa wawili, akatua kifudifudi mbele ya viatu vya shangazi yake. Mzee barazani akaweka kikombe chini.

"Leo ameanguka vizuri kuliko jana," alisema.

Shangazi akageuka. "Kumbe na jana alianguka?"

"Mama, huyu anaanguka tangu masika. Mimi siku hizi naamka mapema kwa ajili yake. Daktari anasema presha imeshuka."

"Lakini mbwa si huwa nyuma yake?"

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Alipopata pumzi akasema kwamba nyuma ya mbwa ndiko Sponji anakoishi, amehamia huko kabisa.

Shangazi aliwatazama mbwa. Meneja alikuwa ameshaamua kuhusu minyororo ya dereva, na Karani, aliyekwisha kuchomoa shingo kwenye mkanda, ameshauchukua mmoja, anatokomea nao shambani kwa furaha ya ajabu. Bega la shangazi likaanza kutikisika. Alicheka kwa kuegemea fimbo, halafu kwa kuegemea Meneja, hadi machozi yakachanganyika na mvua. Dereva, aliyeanza kupoteza subira, akauliza basi apakie au asipakie.

"Upakie nini?" shangazi akamjibu. "Hawa wana mbio bado. Kwanza mkimbilie yule, umpokonye mnyororo wako, kama utaweza."

Dereva akakimbia. Shangazi akainama kwa shida, akamfuta Sponji tope usoni kwa ncha ya khanga, kwa nguvu, kama alivyomfuta alipokuwa mdogo. Na hakuwa akicheka tena.

"Nilikuwa nimelala kule natazama dari," alisema kwa sauti ya chini. "Kila asubuhi nikikuuliza njia ikoje, nilitaka nami nipite. Wewe ukanipa saa."

Sponji alitema jani. Alitafuta kiburi chake kila mahali kilipozoea kukaa, akakikosa; huenda kilibaki kwenye nguzo. Akashika mkono wa shangazi yake kwa mikono yake miwili yenye tope.

"Kuanzia kesho, shangazi, nitakusimulia kila kitu. Kijito kimefika wapi, mti umeinama kiasi gani, Karani amenusa nini. Na mahali nilipoanguka, nitakuambia nimeanguka. Siku nikikuambia sikuanguka, usiniamini mpaka umuulize mzee."