Fanta ya Mashahidi

"Mafuta ya bei hiyo mi sinunui," Asiya alisema, na papo hapo akatoa pesa akanunua. Angefanyaje? Samaki hakaangwi kwa maneno. Mawese yaliyolala na bei moja yalikuwa yameamka na nyingine, na mwenye duka alikuwa na jibu lake tayari: lori limekosa mazutu, dizeli ya kulisukuma. Kila kitu siku hizi kilikuwa kimekosa mazutu, hata visivyo na injini.

Alishuka plajini na beseni la samaki kichwani, akimlaani mwenye duka kwa mahadhi ya wimbo wa harusi. Plaji yao ilikuwa kusini mwa Bujumbura, huko chini ya Kanyosha, mto unapoingia ziwani. Haikuwa na jina kubwa. Ilikuwa na mchanga, upepo, viti vya plastiki visivyofanana, na moshi. Moshi ndio ulioleta wateja. Siku za Jumapili magari yalishuka hata kutoka Kiriri, mlimani kwa matajiri, wenyewe wakafungua vioo, wakanusa, wakauliza, "Yule mama wa mukeke iko wapi?" Yule mama ndiye Asiya. Kwa jiko hilo hilo alikuwa amemsomesha binti yake Saliha mpaka akaingia shule ya wauguzi, na alikuwa ameapa kumtoa huko na diploma mkononi, si kumwacha njiani.

Jirani yake alikuwa Spéciose, mama Arnaud, mchoma ndizi na mahindi. Mmoja mtu wa msikitini, mwingine mtu wa kanisani, na kila siku waligombana moshi wa nani unaingia machoni mwa nani. Siku mmoja asipokuja, mwenzake hata kula hali.

Asiya alikuwa bado anapuliza makaa Valéry alipotokea. Huyu alikuwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wao, mtu wa tumbo na vicheko, na kipaza sauti chake kilikuwa na betri za kufa.

"Leo réunion!" kilikoroma kipaza sauti. "Chini ya hema! Wakubwa wa utalii banakuja kusikiliza mawazo ya raia. Mutu asibaki nyumbani!"

"Mawazo gani, shefu?" Asiya aliuliza.

"Mawazo yenu, Ma' Saliha! Iko plani ya plaji. Hoteli, taa, barabara nzuri, watalii mpaka mutachoka." Valéry akashusha kipaza sauti, akaongea kama anayetoa siri ya serikali. "Na iko Fanta."

Weee! Fanta! Vinywaji vilikuwa vimeadimika mjini mpaka watoto wadogo walidhani Fanta ni hadithi ya wakubwa. Hamimu, fundi wa injini za mitumbwi, akachomoa kichwa kwenye injini aliyokuwa anaifungua.

"Iko baridi?"

"Baridi."

"Basi mi niko na mawazo mengi sana," Hamimu akasema, akaenda kunawa mikono.

Watu walicheka, naye Asiya akacheka, lakini kicheko hakikufika chini. Uvumi ulikuwa umeshatangulia, kwamba wakaanga samaki watahamishiwa ng'ambo ya barabara kubwa, karibu na mtaro wa maji machafu. Tangu ausikie, ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nani atavuka barabara akale mukeke huku anatazama mtaro? Mtu anashuka plajini ale akiangalia ziwa, na milima ya Kongo kule ng'ambo. Ukimwondolea ziwa, samaki huyo si anaweza kumla kwake?

"Leo nitasema," akamwambia Spéciose. "Wametuita tuseme, basi mi nitasema."

Walivaa vitenge vyao vya maana wakaenda. Chini ya hema jua lilipenya kama hakuna hema. Mkubwa aliyekuja aliitwa Darius, kijana bado, amevaa suti nzito kuliko jua la Bujumbura, uso wa heshima unaotiririka jasho. Alikuja na msichana wa ofisi, Orlane, aliyebeba ramani kwapani, na pikapu iliyojaa makreti. Nyuma ya makreti kulikuwa na kitu kipana kimefunikwa turubai, lakini siku hiyo nani angetazama kitu kingine penye makreti ya Fanta?

Darius akasimama, akasalimu kwa adabu, kisha akasema, "Wazazi wetu, kwetu neno haliendi kavu. Tupokee kwanza kinywaji, halafu ndiyo tuongee."

Makofi! Vigelegele! Chupa zikapita mkono kwa mkono. Asiya akaiweka yake shavuni, baridi ikamshuka mpaka visiginoni. "Alhamdulillah," akasema. Kifungulio kilikuwa ndiyo kwanza kinatolewa kwenye pikapu. Ndipo Spéciose akamkamata mkono.

"Usifungue."

"We mama Arnaud, wivu gani huo? Si unayo yako?"

"Nakwambia usifungue! Kwetu mlimani, mutu akiuza shamba, iko pombe inatolewa, inaitwa agatutu. Ile ni ya mashahidi. Ukiikunywa, umeshuhudia. Kesho ukisema hukukubali, watakuuliza, na siku ile ulikunywa nini?"

"Lakini hii si pombe. Ni Fanta."

"Hata ikuwe maji! Baba yangu alipoteza shamba ya migomba kwa kibuyu kimoja. Alikunywa kwanza, akasikia neno nyuma. Sasa niambie, hapa tumesikia neno gani?"

Asiya akafikiri. "Apana. Bado hata moja."

"Basi tunataka kushuhudia nini?"

Asiya hakuwahi kununua wala kuuza shamba, lakini alijua kunaswa kulivyo. Alikaa na wavuvi tangu utoto. Akaishusha chupa taratibu, ikamuuma kuishusha, akamgeukia aliyekuwa nyuma yake akamnong'oneza. Neno likatembea mstari hadi mstari, mbele na nyuma. Kifungulio kikapita hema zima kikakosa kazi. Kwa Hamimu walichelewa kidogo. Yeye alikuwa hangojei kifungulio, kizibo kilikuwa tayari kwenye meno.

"Ma' Saliha, mi nimekubali yote," akasema kwa pembe ya mdomo. "Hata sijasikia, nimekubali. Niache nikunywe."

"Hamimu! Na injini zako wataziweka wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akatoa chupa mdomoni, akaifuta, akaitazama. "Mungu wangu, na kweli iko baridi," akasema, akaiweka mapajani kwa uso wa bwana harusi aliyeambiwa arudi mwezi ujao.

Orlane akafungua ramani. Ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Ziwa la buluu, miti iliyopangwa kama askari, watu weupe wadogo wamelala kwenye vitanda vya mchangani. Darius akaeleza kwa Kifaransa, akarudia kwa Kirundi, akamalizia kwa Kiswahili cha shule. Maendeleo. Ajira. Wote kushirikishwa. Alipotua kupumua, Asiya akasimama.

"Boss, pole na kazi. Nauliza tu. Mi niko wapi hapo?"

Kidole cha Orlane kikaondoka kwenye mchanga, kikavuka barabara, kikapita maegesho ya magari, kikasimama pembeni kabisa. "Hapa, mama. Zone ya gastronomie, ya vyakula."

"Hapo ni mtaro."

"Utafunikwa," Orlane akasema, na sauti yake yenyewe ikaona haya.

Mwiba ukamtoka Asiya kooni, maneno yakapata njia. Alisema bila hasira, kama anavyoongea na mteja mgumu. Kwamba taa wanazitaka. Kwamba watalii waje, karibu sana, samaki wapo. Lakini moto ubaki mchangani, maana wateja wanafuata moshi na wanakula wakitazama ziwa. Wakaanga samaki wanaomba vitu viwili tu, kivuli na bomba la maji safi. Jua linawaua, na vyombo wanaoshea ziwani. "Tukipata hayo mawili tu, hata mtalii wa mwezini akuje, tutamulisha," akamaliza. Hema lote likapiga makofi, na Spéciose akapiga kigelegele mpaka kilemba kikamdondoka.

"Wazo zuri sana," Darius akasema. "Tumelipokea." Orlane alikuwa anakunja ramani. Hakuna aliyegusa hata kalamu.

Valéry akaruka na kipaza sauti. "Haya, sasa tukunywe! Muinue chupa, tupige picha!"

Hakuna aliyeinua. Watu walikaa na chupa mapajani kama waliopewa watoto wa wenzao wawashikie. Jasho lilitiririka, midomo ilikauka, Hamimu alikuwa amefumba macho asiione yake.

"Kwa nini hamukunywi?" Darius akauliza.

"Tunangoja jibu, boss," Asiya akasema. "Ukijibu, tutakunywa hata na za kesho."

Darius akatazama mstari wa mbele, akatazama wa nyuma, akaelewa. Naye alikuwa mtoto wa mlimani. Agatutu hakuhitaji kufundishwa. Akajaribu kucheka. "Lakini mama, hii ni Fanta tu!"

"Basi kama ni Fanta tu, mbona inakuuma tusipokunywa?"

Hema likalipuka kwa kicheko. Hata Valéry alicheka, kisha akakumbuka yeye ni shefu. Darius alifuta uso kwa leso iliyokwisha lowa. Alimsogelea Asiya, akaongea kwa sauti ya chini, bila Kifaransa sasa.

"Mama, mi nimetumwa tu. Nikikujibu ndiyo, nitakuwa nimekudanganya. Walioamua wako juu." Na kichwa chake kikageuka chenyewe kuelekea Kiriri, ambako nyumba nyeupe zilikuwa zimekaa mlimani zinatazama ziwa lote bila kizuizi.

Asiya alimhurumia, na akakasirika kwamba anamhurumia. "Na wao lini watakuja tuwape mawazo?"

Kijana akawageukia wafanyakazi waliokuja na pikapu. Akaamuru makreti yarudishwe kwenye pikapu. Chupa zikarudi zilivyokuja, zimejaa, vizibo kichwani. Hamimu alibusu yake kabla ya kuikabidhi. "Nenda salama, mupenzi," akasema, watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kicheko kilikuwa hakijaisha wafanyakazi walipovuta turubai kupanga makreti vizuri. Chini yake palikuwa na bango. Bango pana la bati, lenye miguu yake miwili ya chuma, limepakwa rangi ya ziwa. Rangi ilikuwa imekauka zamani, na vumbi lilikuwa limeshaikalia. Wakalishusha, wakalibeba mpaka mchangani, wakachimba mashimo na kumwaga zege hatua chache kutoka jiko la Asiya. Spéciose alisogea akasoma kwa sauti. Juu palikuwa na jina jipya la plaji, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Chini yake, kwa herufi za dhahabu: *Eneo hili limepangwa pamoja na wakazi wake.*

Bango lilikuwa limeandikwa kabla hawajaitwa. Kabla hawajavaa vitenge, kabla Asiya hajasimama kusema. Akatamani kulia, akatamani kulipiga teke. Darius alipanda pikapu bila kugeuka, ikaondoka. Chupa zilisikika zikigongana mpaka barabarani.

"Sasa?" Spéciose akauliza.

Asiya alisimama akilitazama lile bati. Jua la utosi likaanza kuinama upande wa Kongo, na polepole mchanga wa nyuma ya bango ukaanza kuwa mweusi. Kivuli kikatoka, kikapanuka, kikubwa cha kuwatosha watu na vyungu vyao. Asiya akaanza kutabasamu. Akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Mama Arnaud, shika upande huo."

Wakanyanyua jiko, makaa yake yakiwaka vile vile, wakaliingiza kivulini, mgongo wa jiko ukaegemea mguu wa bango. Viti vya plastiki vikafuata. Hamimu akaleta injini yake naye. Valéry alikuja mbio, kipaza sauti kikining'inia. "Ma' Saliha! Hapo haparuhusiwi! Hilo ni bango ya serikali!"

"Shefu, soma mwenyewe. Imeandikwa tulipanga pamoja." Asiya akamimina mawese kwenye kikaango, yakalia. "Kivuli tuliomba, kimefika. Waambie bado bomba. Na we kaa hapo, nikukaangie."

Valéry alitazama bango, akatazama barabara, akatazama kikaango. Akavuta kiti.